Pindo la Mbele

Alikuja Alhamisi, mvua ikitishia Ngara,
na jora la pamba nyeupe kwapani.
Sketi nne, akasema, na blauzi, na kofia mbili.
Kiswahili chake kipya kama viatu vya Januari:
kinabana, lakini kinatembea.
Jina lake Iraci. Kwao Brazili. Amepanga Pangani,
juu ya duka la mabati.

Nikadhani ni za kwaya. Nikadhani ni Akorino.
Akacheka. Ni za umbanda.

Neno likanikaa ulimini
kama punje ya mtama niliyoijua utotoni.
Umbanda. Uganga.
Maana yake? Kuponya, akasema,
kwa lugha ya waliovushwa kutoka Angola
shingo zimefungwa, mikono mitupu,
wamebeba tu yasiyofungika.

Nikakanyaga cherehani, yeye akaongea.
Mungu wanamwita Zambi; yuko mbali, hasumbuliwi ovyo.
Wanaoshuka ni wafu, wana kazi bado.
Chaki ya kuchorea sakafu ni pemba
(nikamwambia kwetu Pemba ni kisiwa,
nacho kina sifa zake; akaandika kiganjani).
Bahari ni kalunga. Makaburini, kalunga vilevile.
Na peponi wanakotoka wazee hao
ni Aruanda,
yaani Luanda, bandari waliyopakiwa.

Hapo nikasimamisha gurudumu.
Nani huiita Pepo
kwa jina la lango alimoburutwa?

Akakata uzi kwa meno.
Aliyegeuka nyuma, akasema,
na mara ya mwisho akaona miti.

Akanisimulia meza moja, mwaka wa elfu moja mia tisa na nane:
waungwana, kitambaa cheupe, glasi za maji,
wakiita roho za madaktari na mapadre.
Zikaja za watumwa. Zikaja za watu wa msituni.
Mwenye kiti akasema tokeni, ninyi ni wa chini.
Ndipo kijana wa miaka kumi na saba,
juzi tu mgonjwa wa kitandani,
akanena kwa sauti isiyo yake:
kama hapa hawana kiti,
kesho nyumbani kwa huyu mtoto watakipata,
mlango wazi, na hakuna malipo.

Ndivyo wanavyosimulia.
Wengine husema ngoma ilikwisha kuanza zamani,
jikoni, bila tarehe.

Mimi nilikuwa Migwani,
kwenye benchi la kanisa letu, miguu haifiki chini,
na dirishani namwona susu, nje, juu ya jiwe,
kwa kuwa alicheza kilumi
na mchungaji alipata habari.
Meza ni nyingi duniani.

Sketi ya mwisho, Iraci akasema,
pindo la mbele lipandishe inchi tatu.
Nikagoma. Itakaa mshazari,
watu watasema fundi alikuwa amelewa.
Hapana, akasema. Bibi akishuka
mgongo wangu huwa wake.
Nitaikanyaga.

Bibi yupi?
Bibi aliyekuwa mtumwa. Huvuta kiko,
hunywa kahawa isiyo na sukari,
husikiliza mtu aliyeshindwa na mkopo
au na mume,
humpulizia moshi, humwita mwanangu.
Hatoi risiti.

Sikuamini. Sikukataa pia.
Fundi huamini tepu.
Nikampima amesimama, nikaandika.
Sasa inama, nikamwambia, kama yeye.

Hakuigiza. Alishuka polepole,
pingili baada ya pingili,
hata mkono wa kushoto ukatafuta kiuno
na kidole gumba kikatulia juu ya nyonga,
palepale, palepale kabisa,
na pamba ikagusa saruji.

Nikapiga magoti. Mvua ikaanza juu ya mabati.
Nilikuwa na pini nne mdomoni
niliposikia naongea Kikamba:

Susu, tulia kidogo.
Nakushonea.